Kupanga kikosi cha sapoti na magari kwa dereva wa ridhaa: uzoefu wa rali za lami Ireland

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Safari Rally ikikaribia pale Naivasha, mazungumzo huwa ni injini, madereva na vumbi la Kedong. Wanaolala chali chini ya gari huku dakika zikiyoyoma hawatajwi. Uzi huu ni wao, hasa wanaowatumikia madereva wa ridhaa, wale wasio na kampuni nyuma yao.

Mimi ni fundi makanika, kwetu Tanga, naishi kaskazini-magharibi mwa Ireland. Huku rali zinakimbizwa kwenye lami. Barabara za kawaida za vijijini zinafungwa kwa saa kadhaa, watu wanashindana, kisha zinarudishwa kwa wenyewe. Ubingwa wao wa rali za lami upo tangu 1978. Msimu huanza Galway mwezi Februari, Machi wanakwenda Clonakilty kule West Cork, mwanzoni mwa Mei ni Killarney na kile kipande maarufu cha mlimani, Moll's Gap, halafu Juni ni Donegal, rali ya siku tatu iliyoanza 1972 na makao yake ni mji wa Letterkenny. Kwenye orodha ya washiriki, namba za mwanzo ni za wenye magari ya kisasa na mafundi wa kulipwa. Ukishuka kwenye namba 60, 70, 90, unakutana na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, fundi umeme, mwalimu wa sekondari, wengi wakiwa na Ford Escort Mk2 waliyoijenga wenyewe gereji ya nyuma ya nyumba. Hao ndio watu wangu.

Nasema wazi tangu mwanzo: sapoti hupangwa kuanzia kwenye saa, sio kwenye spana. Nikiitwa kusaidia mtu mpya, mara nyingi nakuta ana orodha ndefu ya vipuri na hana karatasi yenye ratiba. Ana giaboksi ya akiba, lakini hajampanga mtu wa kulala mapema ili kesho avute trela kurudi nyumbani. Pesa yote imekwenda kwenye gari la mashindano, kisha la sapoti ni la kuazima, tairi zake zimekwisha na taa moja haiwaki.

Fanya hesabu hii. Kwa kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, ukichelewa kituo cha muda (pale gari linapotakiwa kufika kwa dakika iliyopangwa) unatozwa sekunde 10 kwa kila dakika. Ukiwahi, unatozwa sekunde 60 kwa kila dakika uliyowahi. Sasa gari limetoka sevisi likiwa limechelewa dakika 4 kwa sababu nati ya tairi imebiringika na kupotelea kwenye mikunjo ya turubai. Hizo ni sekunde 40. Ili dereva azirudishe kwenye steji (kipande cha barabara iliyofungwa ambako gari linapimwa muda) ya kilomita 15, inabidi ampite mpinzani wake kwa zaidi ya sekunde mbili na nusu kila kilomita. Hakuna shokapu wala kamshafti ya bei ya mtu wa ridhaa itakayokupa hiyo. Mtu mmoja makini mwenye saa mkononi anakupa bure.

Kwa hiyo kabla hujagusa boksi la vipuri, chukua ratiba rasmi ya rali uiandike upya kwa jicho la sapoti. Ratiba ya waandaaji imeandikwa kwa muda wa gari la kwanza. Dereva wako ni namba 84, na magari yanaachiwa kila baada ya dakika moja au sekunde 30. Piga hesabu saa yake halisi ya kuingia sevisi, ya kutoka, ya kwenda kujaza mafuta, na saa ambayo barabara ya kutoka hotelini itafungwa kwa ajili ya steji. Hilo la mwisho limewakwamisha wengi hapa Donegal. Vipuri vimebaki nyumba ya wageni upande wa pili wa steji, na barabara haifunguliwi mpaka gari la kufunga msafara lipite. Andika kwa kalamu nzito, toa nakala nne, moja ibandikwe ndani ya mlango wa gari la sapoti.

Tuje kwa watu. Kwa gari moja la ridhaa wanne wanatosha, na wanne wanaojua kazi zao ni bora kuliko tisa waliokuja kutazama. Wa kwanza ni mkuu wa kikosi. Huyu hashiki spana. Anashika saa, karatasi na kinywa chake. Yeye peke yake ndiye anayezungumza na dereva gari likiingia, na yeye ndiye anayekata shauri kipi kitengenezwe na kipi kiachwe. Wa pili na wa tatu ni mafundi, mmoja upande wa kushoto wa gari na mwingine wa kulia, na hawahamishani pande mpaka rali iishe. Fundi wa kushoto akijua kwamba tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu) ya upande wake ilikuwa na uchezo kidogo asubuhi, mchana anaishika hiyo kwanza bila kuulizwa. Wa nne anashughulikia tairi, upepo, maji na chakula. Watu humdharau wa nne, wanampa nafasi hiyo mpwa wao asiye na kazi. Mimi naitafuta kwa bidii kuliko zote. Asipopima upepo wa tairi kwa uaminifu, dereva anaingia steji ya maji na namba za kubuni.

Hawa watu hawalipwi mshahara, ni marafiki na ndugu. Lakini dereva, tafadhali sana, lipa mafuta yao, lipa kitanda chao, walishe. Nikisema kitanda namaanisha kitanda, sio kulala kwenye kiti cha mbele cha gari kwa siku tatu. Mtu akilala vibaya usiku wa Ijumaa, Jumamosi jioni ndiye atakayesahau kukaza nati. Mimi ningeuza seti moja ya tairi kuliko kuwalaza watu wangu kwenye gari.

Gari la sapoti lenyewe liwe la mizigo lililofungwa, lenye viti vya watu wote wanaosafiri humo. Asipande mtu nyuma pamoja na jeki na mitungi ya gesi. Ndani panga kwa utaratibu wa kuhitajika, sio wa ukubwa. Jeki, stendi nne, wili spana, turubai la chini na mtungi wa kuzimia moto vikae mlangoni kabisa. Giaboksi ya akiba ikae mbele kabisa nyuma ya viti, maana ukiihitaji tayari umeshaingia kwenye matatizo ya saa nzima.

Sasa trela, ambako wageni huku huumia. Leseni ya kawaida ya gari dogo, daraja B, inakuruhusu kuvuta trela lenye uzito wa juu wa kilo 750, au zito kuliko hilo ilimradi gari na trela kwa pamoja, kwa uzito wao wa juu unaoruhusiwa, visizidi kilo 3,500. Escort yenyewe inakaribia tani, trela la ekseli mbili nusu tani, na van kubwa peke yake mara nyingi imeandikishwa kwa kilo 3,500. Hapo unahitaji daraja BE, na mtihani wake ni tofauti. Uliza mapema nani kati yenu analo. Kasi ya juu ukivuta trela Ireland ni kilomita 80 kwa saa hata kwenye barabara kuu ya magari ya kasi. Kutoka Cork mpaka Letterkenny ni zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo ondoa wazo la kuondoka baada ya chai ya saa nne ukafike ukaguzi wa mchana.

Na pombe. Baada ya siku ya mwisho Donegal mji mzima unasherehekea. Kiwango cha kawaida cha dereva huku ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, lakini mwenye daraja la trela, wakati anavuta trela, kiwango chake ni 20. Yule atakayevuta kesho asubuhi hanywi usiku huu, hata glasi moja. Kwangu hilo halina mjadala, na namtaja mtu huyo kwa jina mbele ya wote siku ya Alhamisi kabla hatujaondoka.

Kupakia nako kuna ujuzi wake. Gari likae trelani uzito ukiegemea kidogo mbele kuelekea ndoano. Uzito ukizidi nyuma, trela linaanza kuyumba ukishuka mlima na ukigusa breki ndio linazidi. Tairi za akiba msizirundike mkiani mwa trela. Funga kila gurudumu kwa mkanda wake, endesheni kilomita 10, simameni, kazeni tena.

Hebu tuitazame sevisi moja ya dakika 30, Letterkenny, Jumamosi mchana, mvua ya rasharasha. Escort inaingia taratibu, kasi ndani ya eneo la sevisi ni kilomita 30 kwa saa. Turubai limeshatandikwa, stendi nne ziko pembeni, jeki iko mkononi. Injini inazimwa. Mkuu wa kikosi anainama dirishani na kuuliza maswali matatu tu: breki zikoje, usukani ukoje, kuna sauti mpya? Dereva anasema pedali ya breki inazama. Wakati huo huo wa nne ameshapima upepo wa tairi zote kabla hazijapoa, kaandika. Gari linanyanyuliwa, linakaa kwenye stendi, na hakuna kichwa kinachoingia chini kabla ya stendi. Tairi zinatoka. Diski za mbele zimegeuka rangi ya bluu iliyofifia, harufu ya pedi imejaa chini ya hema. Kwenye lami tairi linashika barabara kuliko kwenye vumbi, kwa hiyo breki zinafanya kazi kubwa zaidi na mafuta yake yanachemka na kutoa mapovu. Fundi wa kulia anafungua nipo (kijinati cha kutolea hewa kwenye breki), mwelekezi, yule anayekaa pembeni ya dereva na kumsomea njia, kakaa ndani anakanyaga pedali kwa amri yake: "Kanyaga. Shika. Achia." Mapovu madogo yanapita kwenye mpira mweupe, kisha mafuta safi. Fundi wa kushoto kashika tairodi kwa chini anaitikisa. "Dakika 12 zimebaki," mkuu anasema kwa sauti ya kawaida. Pedi mpya zinaingia, tairi zinarudi, gari linashushwa, nati zinakazwa kwa spana ya kipimo tairi zikiwa zimegusa ardhi, na kila nati iliyokazwa inapigwa alama ya chaki. Zikibaki dakika 5, mtu yeyote hafungui kitu kipya. Hata aone nini.

Dereva katika muda huo ameketi, amekula chapati ya mayai, amekunywa chai ya tangawizi, na hajazungumza na mafundi hata kidogo. Ana kazi yake ya kutulia.

Karibuni kwa maswali.

#2 – Mchangiaji, Nakuru

Mkuu, shukrani kwa uzi mzito. Mimi nimekuwa kwenye vikosi vya klabu hapa Kenya, mambo ya vumbi na mawe. Kwetu nusu ya sevisi inaliwa na kusafisha tu: chujio la hewa, rejeta, vumbi lililoingia mpaka kwenye viungo vya milango. Hilo la nati kupotelea turubaini nimelicheka kwa uchungu, maana kwetu inapotelea vumbini na huioni tena.

Swali langu. Mzee wangu alifuata Safari za zamani na alinisimulia magari ya sapoti yalivyokuwa yakitapakaa njia nzima, timu za viwanda zikiwa na helikopta juu. Ukikwama kilomita 40 baada ya steji, fundi wako yuko pale chini ya mti na shokapu mkononi. Huko Ireland mnaruhusiwa kuwa na gari la pili linalomfuata dereva njiani?

#3 – Mleta uzi

Ndugu yangu wa Nakuru, mzee wako alisema kweli. Tangu ile ya kwanza mwaka 1953, Safari ilikuwa rali ya masafa marefu kupita nchi zetu, na bila magari ya sapoti njiani usingemaliza. Bert Shankland alipoishinda 1966 na 1967 na Peugeot 404 akitokea kwetu Tanzania, hali ilikuwa hiyo. Leo Naivasha wana eneo moja la sevisi pale chuo cha utafiti na mafunzo ya wanyamapori, na huku ni vivyo hivyo. Nje ya eneo lililotajwa, msaada wowote kutoka kwa kikosi ni kosa. Dereva na mwelekezi wanaweza kutengeneza wenyewe njiani kwa kutumia kile tu kilichomo ndani ya gari lao. Ukimpitishia spana dirishani, umemtoa kwenye mashindano.

Kwa hiyo gari la pili kwetu lina kazi nyingine. Ni gari dogo la kawaida, lenye matumizi madogo ya mafuta. Linakwenda kutafuta kipuri mjini, linapeleka karatasi ofisi ya rali, linarudi hotelini kuchukua koti la mtu. Na gari la mashindano likishindwa kuendelea, ndilo linalokwenda kuwachukua dereva na mwelekezi barabara ikishafunguliwa. Ukiwa na uwezo wa kuongeza kitu kimoja tu baada ya gari la sapoti na trela, ongeza hilo kabla ya seti ya pili ya tairi.

Na kwa kuwa msaada wa njiani hakuna, gari la mashindano lenyewe lipakiwe kama kijisapoti. Tairi la akiba, jeki, wili spana, waya mwembamba, kamba za plastiki, tepu nene, lita moja ya maji, koleo, spana za saizi zinazotumika kwenye gari hilo tu. Mwelekezi azijue kwa kupapasa gizani.

#4 – Mchangiaji, Manchester

Mimi ni mwelekezi, nimesoma noti kwenye rali za klabu hapa Uingereza na mara chache nimevuka kwenda huko kwenu. Niongeze upande wangu, maana mleta uzi ametuzungumzia kidogo, kaka.

Kadi ya muda, ile inayoandikwa saa za gari kwenye kila kituo, ni mali ya mwelekezi. Mkuu wa kikosi asiichukue mkononi kwa wema. Sisi wawili tunalinganisha saa zetu na saa rasmi ya rali asubuhi, tunarudia kila sevisi. Mimi nikiingia nasema kwa sauti: "Tunatoka saa sita na dakika 47." Yeye anarudia. Akinirudishia tofauti, tunasimama hapo hapo tunaangalia kadi. Baada ya hapo sitaki kusikia "tuna muda mwingi", nataka namba.

Jambo jingine ni matangazo. Waandaaji hubadilisha mambo katikati ya rali, steji inafupishwa, muda wa sevisi unaongezwa, na tangazo linabandikwa kwenye ubao rasmi au linatumwa mtandaoni. Mimi niko ndani ya gari na kofia ya chuma, siwezi kusoma. Lazima mtu wa sapoti apewe kazi hiyo kwa jina. Nimeona kikosi kizuri kabisa kikisubiri gari mahali ambapo ratiba mpya ilishapahamisha.

Na dada zangu mnaosoma humu, hakuna kazi ya sapoti inayohitaji mwili mkubwa kama jeki ni nzuri. Njooni.

#5 – Mleta uzi

Dada, asante sana, hilo la kurudiana namba nimeliongeza kwenye karatasi yangu sasa hivi. Na nakubaliana nawe kuhusu ubao. Kwangu kazi hiyo iko kwa wa nne, anapita kila baada ya sevisi na anapiga picha ya kila tangazo jipya.

#6 – Mchangiaji, Arusha

Wakuu, mimi napinga kidogo. Watu wanne, magari mawili, vitanda, chakula. Huyo ni mtu wa ridhaa au ni timu ya kiwanda? Hapa kwetu wengi wetu tuna watu wawili tu na pikapu. Mkuu wa kikosi asiyeshika spana ni anasa. Akili yangu inaniambia mikono minne ni bora kuliko mikono miwili na saa.

Pia elezea tairi za lami. Huku tunajua za vumbi, zenye vinundu. Lami tunaiona kwenye televisheni.

#7 – Mleta uzi

Mkuu wa Arusha, hoja yako ni ya haki na sitaikwepa. Mkiwa wawili, bado mmoja ni wa saa. Tofauti ni kwamba anashika kazi zisizomlazimu kuingia chini ya gari: tairi, upepo, kioo, maji ya rejeta. Kazi ya chini inabaki kwa mmoja, na mnapunguza mnachokusudia kufanya. Sevisi ya watu wawili ni ukaguzi, breki, tairi, nati, basi. Ukiwa chini ya gari umelala, mafuta yanakudondokea shavuni, dakika kumi na dakika nne zinafanana. Nimeona hilo kwa mafundi wenye uwezo mkubwa kuliko mimi. Nami nasisitiza hata ukinipa watu watatu, wa tatu simwongezi chini ya gari mpaka saa iwe na mwenyewe.

Njia nyingine inayotumika sana huku ni madereva wawili au watatu wa klabu moja kuungana. Wanakodi eneo la sevisi lililoshikana, hema moja kubwa, jenereta moja, kompresa moja, na mafundi watano wanahudumia magari mawili. Inapunguza gharama vizuri. Sharti ni kuangalia namba zao za kuanzia. Zikiwa zimepishana kwa dakika 2, magari yote yatakuwa kwenye stendi kwa wakati mmoja na hapo hamjaungana, mmegawana upungufu. Zikipishana kwa dakika 25 au zaidi kwenye sevisi ya dakika 30, mambo yanakwenda.

Sasa tairi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo rali za lami zinapoamuliwa kwa mtu wa ridhaa.

Tairi la lami kavu lina ngozi karibu laini na mpira unaohitaji joto ili ushike. La mvua lina mifereji mingi ya kutolea maji na mpira mlaini zaidi. Kati yake kuna la katikati, na wengine hulichonga wenyewe kwa kisu cha moto pale kanuni zinaporuhusu. Upepo unapanda tairi likipata joto. Kwa hiyo unachotafuta sio namba ya asubuhi tairi likiwa baridi, ni namba litakalokuwa nalo kilomita ya tano ya steji. Ndiyo maana wa nne anapima gari likiingia tu, kabla hata jeki haijaletwa. Anaandika tairi zote nne, anaandika hali ya barabara na joto la hewa. Baada ya siku moja una daftari linalokwambia gari hili, dereva huyu, upepo unapanda kiasi gani. Mtu akipunguza upepo tairi likiwa la moto bila kuandika, kisha gari likasimama nusu saa kusubiri steji, dereva anaondoka na tairi laini kupita kiasi na kona ya kwanza inampeleka nje.

Barabara za Ireland zina jambo lake. Ni nyembamba, katikati nyasi zimeota, kando kuna kuta za mawe, na sehemu nyingi zimepita juu ya udongo wa kinamasi kwa hiyo lami ina mawimbi. Magari ya mbele yanakata kona, yanavuta tope na vijiwe kutoka kando na kuviacha juu ya lami. Namba 1 amepita barabara safi, namba 84 wako anakuta kona ile ile imepakwa matope. Usinakili chaguo la tairi la bingwa! Wenye uwezo mdogo huangalia hema la tajiri na kufunga kama yeye, wakati wanakwenda kwenye barabara mbili tofauti kabisa.

Halafu mvua. Donegal unaweza kuwa na jua Letterkenny na mvua kubwa Knockalla, upande wa Fanad, dakika zile zile. Mimi huwa na rafiki anayekwenda kutazama steji kama mtazamaji wa kawaida na kunipigia simu: barabara imelowa, imekauka, maji yamesimama kwenye kona za chini. Soma kwanza kanuni za rali husika kuhusu mawasiliano, kisha tumia kila taarifa halali unayoweza kupata. Programu ya hali ya hewa haijui bonde lipi limelowa.

Na kila tairi linalotoka lipitishwe mkono ubavuni, ndani na nje. Jiwe la kona linakata ubavu wa ndani ambao huuoni tairi likiwa garini. Vua glovu, pitisha vidole polepole. Ukikuta mkato unaoingia kucha, tairi hilo halirudi kwenye steji hata kama ngozi yake ni mpya.

#8 – Mchangiaji, Nakuru

Hapo kwenye daftari la upepo umenigusa, hata kwenye vumbi tunalihitaji. Swali la mwisho kwangu: gari likishindwa kuendelea au likipata ajali, sapoti inafanya nini? Kwetu hapo ndipo huwa vurugu, kila mtu anataka kukimbilia huko.

#9 – Mleta uzi

Hakuna anayekimbia. Steji ikiwa imefungwa, kuingia kwako na gari ni kuua mtu. Ndani ya gari la mashindano kuna bango lenye OK ya kijani upande mmoja na SOS nyekundu upande wa pili. Wakiwa salama wanawaonyesha wanaokuja nyuma ile ya kijani, na wanaweka pembetatu nyekundu angalau mita 50 kabla ya gari. Wakihitaji daktari wanageuza nyekundu, na gari linalofuata linalazimika kusimama. Mfumo wa waokoaji wa waandaaji ndio unaoingia.

Kazi ya sapoti inaanzia kwenye simu. Mkuu wa kikosi anasubiri taarifa kutoka ofisi ya rali, hasambazi uvumi. Kwenye ile karatasi ya mlangoni kuna namba za ndugu wa dereva na za ndugu wa mwelekezi, na mtu mmoja tu ndiye anayewapigia, kwa maneno yaliyothibitishwa. Hakuna picha mtandaoni kabla mke au mzazi hajaambiwa. Hili ninalishikilia kuliko kanuni yoyote ya spana.

Kama ni ubovu tu, mwelekezi anawajulisha waandaaji kwamba wamejitoa na kadi ya muda inarudishwa, la sivyo watu wataanza kuwatafuta milimani. Kisha angalia kanuni za rali hiyo, maana nyingi zinaruhusu gari kurudi siku inayofuata kwa adhabu ya muda. Hapo ile giaboksi ya nyuma ya viti inapata kazi, na wewe unarudi kwenye ratiba kuona usiku una saa ngapi za kufanya kazi. Yule wa trela hahusiki na kazi hiyo. Alale.

Trela lenyewe mara nyingi huegeshwa mbali na eneo la sevisi. Liegesheni likiwa limeelekea nje, msiruhusu gari jingine kuliziba, na funguo yake akae nayo mwenye gari dogo. Winchi ijaribiwe nyumbani, na muwe na mbao mbili na jeki ya magurudumu, kwa sababu gari lililovunjika wishiboni (mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu) halisukumiki kupanda trela kwa nguvu za mikono.

#10 – Mchangiaji, Dublin

Kaka, mimi ni kijana wa Bujumbura, nimesomea umeme wa magari, nipo Dublin. Sina anayenijua kwenye rali. Naingiaje?

#11 – Mleta uzi

Karibu sana mdogo wangu. Anza na klabu. Rali hizi zinaandaliwa na klabu za magari za wenyeji, Donegal Motor Club, Galway Motor Club, Killarney and District Motor Club na nyingine, chini ya Motorsport Ireland. Kila rali inahitaji watu wengi wa kujitolea kusimamia steji, na wanawafundisha. Ukisimama kwenye makutano kuanzia alfajiri na kizibao chako, utajifunza ratiba inavyokwenda kuliko kusoma popote, na utafahamika kwa jina. Kisha nenda eneo la sevisi siku ya ukaguzi, tafuta hema lenye Escort na watu wawili, waambie unajua umeme. Nyaya za magari yaliyojengwa nyumbani ndizo zinazowasumbua zaidi mvua ikianza. Beba tochi ya kichwani, glovu zako na chakula chako cha siku ya kwanza. Nitumie ujumbe wa faragha, Juni tutahitaji wa nne.